Treni Inayosubiri Mwenzake

Dada yangu mkubwa anaishi Antwerp, mimi Basel. Ukiweka rula kwenye ramani, kati yetu hazifiki kilomita 500, umbali usiopishana sana na Dar hadi Dodoma. Namtembelea mara mbili au tatu kwa mwaka, na kila nikimpigia kumwambia niko njiani, swali lake ni lilelile: “Mdogo wangu, hivi ndege imekukosea nini?”

Haijanikosea kitu. Nimezaliwa Tabora, baba alikuwa mtu wa reli, na mtoto aliyekulia kota za reli hapendi treni kwa sababu za mazingira. Anaipenda tu, kama wengine wanavyoipenda timu inayofungwa kila wiki. Mambo ya hewa ukaa nimekuja kuyajua ukubwani. Yana uzito wake: katika Umoja wa Ulaya, usafiri unatoa kama robo ya gesi zote zinazopasha dunia joto, na zaidi ya asilimia 70 ya robo hiyo inatoka barabarani. Mchango wa treni haufiki hata asilimia moja. Kwa hiyo siku hizi mapenzi yangu yana hoja. Dada hoja anaijua. Anachotaka kujua ni saa ngapi atenge chakula.

Safari yenyewe iko hivi. Basel hadi Strasbourg, saa moja na kitu. Strasbourg hadi Luxembourg, saa mbili na ushee. Luxembourg hadi Brussels, zaidi ya saa tatu. Halafu Brussels hadi Antwerp, chini ya saa moja. Zipo njia nyingine, kupitia Paris au Cologne, za haraka na za bei, ila hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayoniudhi. Hebu yatazame majina hayo tena. Strasbourg ndiko wabunge wa Ulaya wanakofanyia vikao vyao vikubwa. Luxembourg ndiko iliko Mahakama ya Umoja wa Ulaya. Brussels ndiko iliko Kamisheni. Miji mitatu ya utawala wa Ulaya imetungwa kwenye reli moja kama shanga. Hadi 2016 zilikuwepo treni zilizotoka Basel zikapita miji yote mitatu hadi Brussels bila abiria kushuka. Moja iliitwa Vauban, nyingine Iris. Mwaka huohuo reli ya mwendokasi kutoka Paris ikakamilika hadi Strasbourg, watu wakaelekezwa kuzunguka huko, na zile za moja kwa moja zikafutwa. Reli bado ipo. Stesheni zipo. Abiria tupo.

Wabunge wenyewe, wakihama kutoka Brussels kwenda Strasbourg kwa vikao, hukodiwa treni maalumu. Oktoba 2023 treni hiyo iliingizwa njia isiyo yake na kutokea stesheni ya Disneyland, nje ya Paris. Nilicheka hadi machozi. Kisha nikakumbuka kwamba wao angalau walikuwa wote ndani ya treni moja.

Maana mimi Ramadhani moja nilibaki kwenye jukwaa. Zilikuwa zimebaki siku mbili Idd ifike, nimebeba kopo la visheti vya dada. Treni yangu ilichelewa dakika 11. Ile ya kuunganisha nilikuwa nimeipangia dakika tisa. Nilishuka mbio, nikapanda ngazi na kopo kifuani kama mtu aliyeiba, nikawahi kuziona taa mbili nyekundu za behewa la mwisho zikipinda kona. Sitaitaja stesheni wala kampuni, kwa sababu ingeweza kuwa yoyote. Dirishani mkata tiketi akaniambia kwa upole kabisa kwamba tiketi yangu ya pili ilikuwa ya treni ile tu, na treni ile imeondoka. Iliyonichelewesha? Hiyo ni ya kampuni nyingine, kawaulize wao. Nikalipa euro 47 tena. Jua likazama, nikafuturu kwa tende tatu, maji ya chupa na visheti vya watu, nimekaa kwenye benchi la chuma. Simu ikalia.

“Umefika wapi?”

“Nipo stesheni, dada. Nasubiri.”

“Unasubiri nini?”

“Treni.”

Akanyamaza kidogo. “Haya. Chakula nitakifunika.”

Sheria ya Ulaya ya haki za abiria wa reli, iliyoanza kutumika Juni 2023, inamlinda anayekosa treni ya kuunganisha, lakini awe na tiketi moja ya safari nzima. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua sehemu mbili, wewe ni wasafiri wawili waliokaa kwenye mwili mmoja. Na tiketi moja ya kuvuka nchi nne, kwa njia hii yangu, mara nyingi haiuzwi. Kipande cha Luxembourg ndicho kituko kuliko vyote: tangu 2020 usafiri wa umma nchini humo ni bure kwa daraja la pili, kwa hiyo unalipia treni hadi mpakani, unakaa bure, kisha unaanza kulipa tena upande wa pili. Kiti ni kilekile na dirisha ni lilelile.

Kuna jambo la reli za Ufaransa ambalo huwa nawasimulia wageni wangu. Ufaransa treni hupita upande wa kushoto. Alsace, mkoa uliko mji wa Strasbourg, zinapita kulia, kwa sababu reli za huko zilipangwa chini ya Wajerumani, kati ya 1871 na 1918. Pale mpaka wa zamani ulipokuwa, kuna madaraja maalumu ambapo njia moja inapanda juu ya nyingine ili treni zibadilishane upande bila kugongana. Mpaka wenyewe uliondoka zaidi ya miaka 100 iliyopita. Daraja bado linafanya kazi, kila siku, kwa ajili ya mpaka usiokuwepo.

Sasa turudi Basel, kwenye saa ya stesheni. Kama umepita Uswisi umeiona: uso mweupe, mistari myeusi, mshale mwekundu wa sekunde wenye duara nchani. Ilibuniwa mwaka 1944 na Hans Hilfiker, mhandisi wa shirika la reli, na mshale mwekundu ukaongezwa baadaye, kwa umbo la kile kibao cha duara ambacho mkuu wa stesheni alikinyanyua kuruhusu treni. Baba yangu alikuwa na kibendera cha kijani kwa kazi hiyohiyo. Itazame saa hiyo vizuri. Mshale mwekundu unazunguka haraka kidogo kuliko inavyopaswa, unafika juu, unasimama. Unasubiri. Kisha saa kuu inatuma ishara, mshale wa dakika unaruka mara moja, na mwekundu unaondoka tena. Saa zote za nchi zinasubiriana kila dakika.

Ratiba yao nayo iko hivyohivyo. Mwaka 1982 Waswisi walianza kuendesha treni kwa mpigo mmoja: kama treni ya mji fulani inaondoka saa tatu na dakika nne, basi itaondoka pia saa nne na dakika nne, saa tano na dakika nne, kutwa nzima, huhitaji karatasi. Mwaka 1987 wakapiga kura ya wananchi kuidhinisha mpango mkubwa walioupa jina la Reli 2000. Wazo lake nilielezwa na mzee mmoja kwenye treni, kwa kidole juu ya kioo chenye ukungu. Akachora duara tatu. Hizi ni stesheni, akasema, haya ni mafundo. Kabla kidogo ya saa kamili, treni za pande zote zinaingia. Watu wanashuka, wanavuka jukwaa, wanapanda. Baada kidogo ya saa kamili, zote zinatoka. Ili mafundo yafanye kazi, mwendo kutoka fundo hadi fundo lazima uwe pungufu kidogo ya saa nzima, au ya nusu saa.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nakiona bila kukielewa. Kati ya Zürich na Bern safari ilikuwa inazidi saa moja. Kwa hiyo wakajenga kipande kipya cha reli, Mattstetten hadi Rothrist, kilomita 45 hivi, na Desemba 2004 safari ikashuka hadi dakika 56. Wangeweza kutafuta kilomita 300 kwa saa kama Wafaransa, waliokuwa wanajivunia TGV, treni yao ya mwendokasi ya Paris na Lyon, tangu 1981. Wakaishia 200. Dakika 40 zisingewasaidia kitu, maana ungefika Bern ukakaa dakika 20 ukiangalia njiwa. Walianza na ratiba, wakatafuta ni wapi pa kuweka zege.

Nilimsimulia baba kwa simu, Mungu amrehemu, akasema: “Si kama Tabora tu?” Nikacheka, lakini alikuwa na maana yake. Pale Tabora treni ya Dar ilikatwa, mabehewa ya Kigoma upande huu, ya Mwanza upande ule, na usiku ule stesheni ilikuwa soko: mama wa maandazi, wapagazi, watoto tuliotakiwa kuwa tumelala. Ya Dar ikichelewa, zile mbili zilisubiri, hata kama ni hadi asubuhi. Hakuna mtu wa Kigoma aliyeachwa Tabora kwa sababu alikuwa wa kampuni nyingine. Tofauti ni kwamba Waswisi wanakutana kila nusu saa na sisi tulikutana tulipojaliwa.

Ulaya iliyobaki imenunua mwendo zaidi kuliko kukutana. Hispania ndiyo mfano wangu, na ninaitaja kwa heshima: tangu Madrid hadi Sevilla mwaka 1992, wamejenga mtandao wa mwendokasi unaokaribia kilomita 4,000, mrefu kuliko wa nchi yoyote Ulaya, na kampuni shindani zilipoingia kuanzia 2021 nauli zikashuka kweli. Lakini mwaka 2018 wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya walipoupima mwendokasi wa bara zima, waliona viraka vya nchi moja moja visivyoshonwa mipakani. Kwa Ujerumani tatizo ni jingine. Mwaka 2024 treni zao za masafa zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62.5 tu, na “kwa wakati” kwao ni kuchelewa chini ya dakika sita. Waswisi wamebuni dawa ya jirani mchelewaji: treni ya Kijerumani ikichelewa mno inaishia Basel, abiria wanashushwa, na treni ya akiba ya Kiswisi inaondoka kwa saa yake kuelekea ndani. Ni ukatili wa kistaarabu. Naishangilia, isipokuwa siku nikiwa ndani ya hiyo iliyochelewa.

Lakini mimi mkate wangu hautoki kwa abiria. Ni karani wa mizigo kwenye ghala moja karibu na bandari ya mto Rhine. Makontena yanapanda na mto kutoka Rotterdam na Antwerp, mengine yanakuja kwa reli, yanavuka milima ya Alps kwenda Italia. Na kwenye mizigo ndiko sera ya Ulaya inakopimwa hasa, kwa sababu kontena halipigi picha dirishani wala halina mapenzi na treni. Linakwenda kwa bei na kwa muda.

Waswisi waliamua kwa kura, 20 Februari 1994, kwamba malori yanayokatiza nchi yao yahamie relini. Kura peke yake haihamishi lori. Mwaka 2001 wakaanza kutoza malori ushuru kwa kilomita, kwa uzito na kwa moshi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaenda kuchimba mahandaki. Lile la Gotthard, kilomita 57, refu kuliko yote ya reli duniani, likafunguliwa 1 Juni 2016. Malori yanayovuka Alps upande wa Uswisi yamepungua kutoka takriban milioni 1.4 mwaka 2000 hadi chini ya milioni moja, na reli inabeba kama asilimia 70 ya mizigo ya njia hiyo. Shabaha ya kisheria ilikuwa malori 650,000, kwa hiyo hawajafika. Ila panda njia ya mlimani ya Brenner, upande wa Austria, ambako malori yanazidi milioni mbili kwa mwaka, usimame kando ya barabara dakika tano. Utaelewa kwa pua.

Sasa kisa cha 2017. Tarehe 12 Agosti, karibu na Rastatt, Ujerumani, walikuwa wakichimba handaki jipya chini ya reli inayotumika. Ardhi ikatitia, reli zikapinda kama mlenda. Hiyo ndiyo njia kuu ya mizigo kati ya bandari za Bahari ya Kaskazini na Italia, na ilifungwa hadi 2 Oktoba. Ghalani kwetu wiki ya kwanza ilikuwa kelele za simu, wiki ya pili kimya. Foklifti zilipangwa mstari zimezimwa. Nilipiga gumzo na madereva wa malori waliokuja kuchukua kilichokuwa cha reli, na kila mmoja alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota pochi.

Na reli nyingine ilikuwepo! Ng'ambo ya mto, upande wa Ufaransa, inakwenda sambamba kabisa. Lakini umeme wa Ujerumani na Uswisi ni volti 15,000, wa Ufaransa kule ni 25,000. Ishara za njiani ni tofauti. Na dereva wa treni lazima ajue lugha ya reli anayopita, kiwango cha kuweza kujadiliana wakati wa dharura. Madereva wa Kijerumani wanaojua Kifaransa cha kutosha hawakupatikana kwa wingi hivyo. Rubani anatoka Helsinki hadi Athens kwa Kiingereza kimoja. Dereva wa lori haulizwi lugha kabisa. Makontena ya Basel yalisimama kwa kukosa, pamoja na mambo mengine, sarufi ya Kifaransa.

Ujerumani iliahidi kwa mkataba wa 1996 kupanua njia hiyo iwe na reli nne hadi Basel, ili ilingane na handaki la Gotthard. Handaki limefunguliwa 2016. Reli nne zinatarajiwa kukamilika miaka ya 2040.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini anafunga mabehewa kwenye yadi ya Muttenz, hapa pembeni ya Basel. Siku moja alinichukua nikamwone kazini kutoka juu ya daraja. Behewa linakuja taratibu peke yake, linagusa jingine, bafa zinalia. Yeye anainama, anaingia katikati, ananyanyua pingu ya chuma kwa mikono miwili na goti, anaitupia kwenye kulabu ya mwenzake, anakaza skrubu, mizunguko mingi, kisha anaunganisha mpira wa upepo wa breki, anafungua koki, anatoka upande wa pili. Halafu linalofuata. Treni moja ina mabehewa 30 na zaidi. Marekani ililazimisha viungo vya kujifunga vyenyewe kwa sheria ya 1893. Ulaya hadi leo ni mgongo wa jirani yangu. Kiungo kipya cha kujifunga, chenye umeme na data ndani yake, kimeshabuniwa na kinajaribiwa. Kinachochelewesha ni kwamba behewa la Poland linaweza kuungwa na la Italia usiku wowote, kwa hiyo ama wote wanabadilisha ama hakuna, na bili haina mwenyewe.

Brussels wana malengo, siwanyimi haki yao. Mkakati wa Desemba 2020 unataka safari za mwendokasi ziongezeke mara mbili ifikapo 2030 na mara tatu ifikapo 2050, na mizigo ya reli iongezeke kwa nusu, kisha mara mbili. Mwaka 2021 wakautangaza Mwaka wa Reli wa Ulaya, wakatuma treni ya maonyesho kutoka Lisbon tarehe 2 Septemba, ikapita nchi 26 na kufika Paris 7 Oktoba. Naamini hawakuidhamiria iwe hotuba, lakini ilikuwa: zilihitajika treni tatu, moja kwa upana wa reli za Hispania na Ureno, moja kwa reli za kawaida, moja kwa reli pana za nchi za Baltiki.

Na bei, ambayo dada yangu huitaja kabla ya yote? Mafuta ya ndege za abiria hayatozwi kodi, na tiketi za ndege za kimataifa hazina kodi ya ongezeko la thamani, wakati treni inalipia kila kilomita ya reli inayoikanyaga. Pendekezo la 2021 la kutoza mafuta hayo linakwama kwenye sharti kwamba mambo ya kodi nchi zote 27 ziafiki. Ufaransa ilipiga marufuku ndege za ndani pale treni inapofika kwa saa mbili na nusu, dunia nzima ikaandika, na njia zilizoguswa zikawa tatu: kutoka uwanja wa Orly, Paris, kwenda Nantes, Lyon na Bordeaux. Treni ya usiku ya Paris na Berlin ilirudishwa Desemba 2023 mbele ya mawaziri na kamera. Desemba 2025 ikafutwa baada ya Ufaransa kusitisha ruzuku, na sikumbuki kamera. Watu si kwamba hawataki treni. Ujerumani ilipouza tiketi ya mwezi kwa euro tisa, majira ya joto 2022, ziliuzwa kama milioni 52.

Ratiba za reli Ulaya nzima hubadilika siku moja, Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Desemba. Kila mwaka, zinapotangazwa, nakaa na chai na simu, naiandika njia yangu: Basel, Strasbourg, Luxembourg, Brussels. Siangalii mwendo wala aina ya treni. Naangalia zile nafasi za katikati, kama ni dakika sita, tisa, au saa nzima na ushee. Safari hii moja imesogea kutoka tisa hadi kumi na nne. Nimempigia dada kumwambia.

“Kwa hiyo unakuja na treni tena,” akasema.

“Nakuja na treni.”

“Basi visheti vya njiani beba kopo lake. Langu usilifungue.”